Acheni kuandika "sakinisha Python" kana kwamba kompyuta zote ni moja!

Wakuu, hii tabia inaudhi. Masomo ya Python (lugha ya programu) kwa wanaoanza yamejaa mstari mmoja tu: "Sakinisha Python, kisha andika pip install." (pip ni zana ya kuongeza maktaba za Python.) Basi! Mwanafunzi anakwama hapo hapo, anajiona hana akili, anaacha. Kosa si lake, ni la aliyeandika somo.

Tuanze na Windows. Kisakinishi cha kawaida cha python.org kina kisanduku chini kabisa ya dirisha la kwanza: "Add python.exe to PATH". PATH ni orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu. Kisanduku huja bila tiki. Ukikipita, Python inaingia lakini terminali (dirisha la kuandikia amri) haiioni. Unaandika `python`, mara duka la Microsoft linafunguka! Ndani ya folda ya WindowsApps kuna python.exe ya baiti 0, na kazi yake ni kukupeleka dukani tu. Tafuta "App execution aliases" kwenye Settings, zima python.exe na python3.exe. Kisha endesha kisakinishi tena, chagua Modify, weka tiki kwenye "Add Python to environment variables". Funga terminali ufungue nyingine, maana iliyokuwa wazi bado imeshika PATH ya zamani. Nani anawaeleza watu hili?

Kwenye Mac, Apple waliiondoa Python 2.7 tangu macOS 12.3, mwaka 2022. Amri ni `python3`. Na ukipakua kutoka python.org, bofya mara mbili faili la "Install Certificates.command" ndani ya folda ya Python, la sivyo utapata kosa la CERTIFICATE_VERIFY_FAILED (cheti cha usalama hakikuthibitishwa) msimbo wako ukigusa tu https.

Ila linalonichefua zaidi ni la Linux. Kuanzia Debian 12 na Ubuntu 23.04, `pip install` nje ya mazingira pepe (folda yenye maktaba za mradi mmoja peke yake) inakataa: "externally-managed-environment". Halafu anatokea mjuaji anakwambia ongeza `--break-system-packages`. Jamani, someni hilo jina! Python hiyo ni ya mfumo, zana zake nyingi zinaitegemea. Ukibadilisha maktaba zake kwa `sudo pip`, unaharibu vitu ambavyo apt (zana ya mfumo ya kusakinisha programu) inadhani viko salama. Na usithubutu kuifuta python3 ili "uanze upya", utaondoka na nusu ya eneokazi.

Njia sahihi ni kutengeneza mazingira pepe na kuyawasha, mistari mitatu:

`sudo apt install python3-venv`
`python3 -m venv .venv`
`source .venv/bin/activate`

Ukiruka wa kwanza, wa pili unagoma na kulalamika kuhusu ensurepip (sehemu inayoweka pip ndani ya mazingira hayo). Baada ya hapo tumia `python -m pip install`, ili pip iwe ya Python ile ile unayoiendesha.

Mnaofundisha, andikeni juu kabisa ya somo: mfumo gani, toleo gani, amri ipi. Mnaoshauri `sudo pip` kwenye majibu, rudini mkafute leo.