MREJESHO: yule nyoka wa kijani kwenye mwembe wetu Mtongwe

Wadau ahsanteni sana mlonijibu nilipouliza kuhusu yule nyoka wa kijani anayekuja kwenye mwembe wetu, tulodhani ni mamba wa kijani, yule nyoka wa sumu kali. Nilifanya mlivyosema, sikumkaribia, nikazumu simu kutoka dirishani na kweli ana madoa meusi toka shingoni mpaka katikati, macho makubwa, mkia una rangi ya shaba, mamba wa kijani hana madoa vile. Picha nikawatumia Bio-Ken, wale wataalamu wa nyoka kule Watamu, kama mmoja wenu alivyoniambia, wakasema hana sumu, anawinda mijusi na vyura (na mijusi kwetu ndo imejaa pale kwenye taa ya nje). Matawi yalokuwa yanagusa paa tumekata, angalau haingii tena jikoni. Mafuta taa tulomwaga kumfukuza ndo bure kabisa, alipita juu yake vilevile! Mama bado hamtaki, ila baba kakataza mtu yeyote kumpiga.