Mtu anayesomea virusi halafu anafanya utafiti kwa nyani, kazi yake hasa ni nini?

Mdadisi_Moro:
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu kamaliza form six, PCB (fizikia, kemia na biolojia), kashikilia anataka kusomea mambo ya virusi na kinga ya mwili tena afanye utafiti kwa nyani. Mzee hamuelewi kabisa, anauliza mtu asome miaka yote hiyo aje kuchunga nyani? Mwenye kujua atupe mwanga.

Ngedere_Mkongwe:
Mkuu mpe mzee habari za Françoise Barré-Sinoussi, mama wa Kifaransa wa taasisi ya Pasteur pale Paris. Alianza kwa kujitolea tu maabara, wanachunguza virusi vya saratani ya panya, na ujuzi huohuo ndo ulisaidia 1983 yeye na wenzake wakavinasa virusi vya ukimwi, Nobel akaipata 2008 pamoja na Luc Montagnier. Wengi wanaishia hapo ila kwangu utamu uko mbele, timu yake ikaja kuhamia kwa tumbili. Tumbili wetu wa Afrika wana virusi vyao, SIV, ndugu wa HIV, wanakuwa navyo tele kwenye damu na wanadunda tu, ila wale nyani wa Asia wanaoitwa rhesus wakipewa SIV wanaugua kama mgonjwa wa ukimwi kabisa.

kadada_k:
Si ina maana kinga ya tumbili ina nguvu zaidi? Sasa mbona haivimalizi hivyo virusi?

Ngedere_Mkongwe:
Wala sio nguvu dada. Virusi vikiingia mwili wa tumbili unawasha kinga kama kawaida afu baada ya wiki chache unaituliza, kwa rhesus na sisi binadamu inabaki imewaka miaka na miaka na huko kuwaka ndo kunachangia sana kumaliza seli za CD4, zile seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga. Kitu kama hicho huwezi kukiona kwenye kichupa, lazima mnyama mzima.

Wa_Ngong:
Na asidhani mpaka Ulaya, hapa Karen Nairobi kuna taasisi ya utafiti wa nyani, mwanzilishi ni Louis Leakey, ilianzia kule Tigoni. Ila mwambieni ukweli, ni kudunga sindano, kutoa damu, na kuna tafiti mnyama anauliwa mwishoni ili viungo vichunguzwe. Akiona hawezi, aingilie kwa upande wa vet, hao nyani wanahitaji daktari pia.

Mdadisi_Moro:
Asanteni sana. Hiyo ya kuua sidhani kama kaifikiria, nitamuuliza jioni. Vet hata mzee atakubali, chuo kikuu cha kilimo SUA si kipo hapahapa Moro.