Duka la zamani la magari Tanga mjini: nimezungushwa miezi 8, mwisho wamechoma karatasi zote!

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Jumatano iliyopita, saa 3 asubuhi, nimekuta moto nyuma ya lile jengo la zamani lililokuwa duka la kuuzia magari hapa Tanga mjini. Vijana wawili walikuwa wanatupia motoni daftari za hesabu, mafaili na maboksi ya kadi za gereji. Nikawapigia kelele wasubiri. Mmoja akanijibu kwa upole, "Dada, sisi tumeambiwa tusafishe chumba." Sina ugomvi na wale vijana, wao ni vibarua wa kutwa na wamefanya walichoagizwa. Ugomvi wangu ni na watu wa ofisi ya umma waliokaa na barua yangu mezani miezi 8, barua iliyowaomba pia kwamba chumba cha nyuma kisiguswe mpaka karatasi zilizomo ziorodheshwe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi makanika pale. Alianza kama kijana wa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akafika mahali pa kushusha injini ya lori la Bedford na kuirudisha bila kusimamiwa na mtu. Alipofariki alituachia picha moja, amesimama na wenzake 11 mbele ya kioo kikubwa cha duka, na cheti cha kazi ambacho mchwa wamekula pale palipokuwa na tarehe. Mama aliniomba nitafute majina ya wale 11 maadamu bado wapo wazee wanaoweza kuwatambua. Ndiyo kazi niliyoianza, sikuwa na lengo jingine lolote.

Kila niliyemuuliza mjini aliniambia, "Ah, lile jengo la Mjerumani." Hapa kwetu kila ukuta mnene ni wa Mjerumani! Wakuu, Mjerumani aliondolewa Tanga Julai 1916. Jengo hili lina kibaraza cha zege kilichochomoza juu ya barabara bila nguzo hata moja ya kukishikilia. Lina fremu za madirisha za chuma, na kioo cha mbele kipana kiasi kwamba mpita njia aliiona gari nzima kuanzia bampa hadi bampa. Mlango wa ubavuni unapitisha lori. Ndani, juu, kuna kijichumba chenye dirisha linalochungulia dukani, alipokaa meneja akiwatazama wauzaji. Nyuma kuna mashimo matatu ya gereji, na kuta zake bado zina weusi wa oili. Mtu anayejenga hivi anauza magari kwa wingi na ana uhakika kesho atauza mengine.

Uhakika huo ulitoka kwenye mkonge. Bei yake ilipaa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa vita vya Korea, na Tanga ndiyo iliyokuwa bandari ya mashamba ya Muheza, Korogwe na kote huko. Mashamba yalitaka malori, mameneja walitaka Land Rover, na vyote vilitaka spea na mafundi. Uzalishaji wa nchi ulifika kileleni mwaka 1964, kama tani 230,000, halafu kamba za plastiki zikaanza kuuangusha. Vitabu vya shule vinatufundisha habari za Dk. Hindorf, Mjerumani aliyeleta mkonge nchini, na miche 62 iliyosalimika mwaka 1893 ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa historia, naifundisha kila mwaka. Lakini aliyelala chini ya lori usiku kucha ili mzigo uiwahi meli, huyo hatajwi popote. Ametajwa kwenye kadi ya gereji tu, na kadi ndizo zilizochomwa.

Sasa niwaeleze nilivyohangaika.

Nilianza na vitabu vya simu vya zamani na matangazo ya magazeti. Tangazo linakupa jina la kampuni na namba ya S.L.P., basi, mtaa hautajwi. Posta yetu enzi hizo barua haikuja mlangoni, uliifuata mwenyewe kwenye sanduku, na kampuni ikihama mtaa sanduku lilibaki lilelile. Kwa hiyo nilikuwa na majina kadhaa ya wauza magari wa Tanga lakini sikuweza kuliunganisha hata moja na jengo hili. Lililonisaidia ni ukuta wenyewe. Zamani juu ya kibaraza kulikuwa na herufi kubwa za chuma. Ziling'olewa, ila matundu ya skrubu yalibaki, na rangi iliyokuwa imefunikwa na herufi haikupauka kama iliyoizunguka. Mchana hukioni kitu. Nikaomba ruhusa nyumba ya jirani, nikapanda juu jua likiwa linazama, nikanakili kila tundu kwenye karatasi ya grafu. Siku tatu mfululizo. Siku ya tatu jina likasomeka, nikalikuta kwenye tangazo nililokuwa nalo tayari. Nilikaa pale juu nikalia. Jina silitaji hapa kwa sababu kuna familia hai nyuma yake na sijazungumza nayo bado.

Nikapata namba ya kiwanja na kitalu, nikaenda kwenye ofisi ya umma inayohusika kufanya upekuzi wa daftari la hati. Sitaji ofisi wala mtu. Karani, mama mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, nikaeleza shida yangu. Uso ukabadilika.

"Binti, nani kakutuma?"

Nikamwambia sijatumwa, natafuta historia ya mahali alipofanya kazi babu yangu. Akaniuliza tena, mara hii mbele ya wenzake: "Nani kakutuma? Sema ukweli." Nikapelekwa chumba cha pili, nako swali ni hilohilo. Mwingine akaniuliza kama nimelipwa na "wenye nyumba walioko nje".

Wakuu, nilichelewa kuelewa, lakini wenye umri mkubwa humu wameshanielewa. Aprili 1971 Serikali ilitwaa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye shughuli zake zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Jengo lililokuwa limezidi umri wa miaka 10 mwenyewe hakulipwa fidia. Kabla ya hapo, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya kuagiza bidhaa toka nje ilikuwa imeanza kuhamia mashirika ya umma, na magari nayo yakafuata njia hiyo. Kwa hiyo ukiulizia jengo kama hili leo, mtu wa ofisini hamwoni mjukuu wa fundi. Anamwona wakala wa mtu anayetaka kurudishiwa mali. Nusu karne imepita na hofu iko palepale, na hofu hiyo imekuwa kufuli la kila kabati. Naielewa hofu yao, lakini kuzungushwa nimekukataa na nitaendelea kukukataa.

Kwa sababu sheria zipo. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inamruhusu mtu yeyote kulipa ada na kupekua daftari la hati. Haisemi kwanza ueleze umetumwa na nani. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kutafuta na kupokea habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 30. Nilizitaja zote kwenye barua yangu, nikagongewa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Siku 30 zikapita, 60 zikapita. "Faili liko kwa bosi." "Bosi yuko semina." "Njoo Ijumaa." Ijumaa moja kijana mmoja akanifuata nje hadi kwenye baiskeli yangu akaniambia faili linaweza kupatikana nikitoa ya soda. Sikutoa. Hapo kati nilisafiri hadi Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, nikapokewa kistaarabu na kusoma majalada ya wilaya ya zama za Mwingereza. Ila yale ni majalada ya serikali. Majina ya mafundi wa kampuni binafsi hayamo, yalikuwa kwenye kile chumba cha nyuma.

Chumba chenyewe nilikiona mara moja tu, mlinzi aliponifungulia. Rafu hadi darini. Kadi za gereji zimefungwa kwa kamba ya katani, mwaka kwa mwaka: namba ya gari, mwenye gari, ubovu, spea iliyotoka stoo, jina la fundi na sahihi yake. Wasiojua kuandika walitia dole gumba. Hata miaka ya shida ilikuwemo, ile tuliyokatazwa kuendesha magari binafsi Jumapili kuanzia saa 8 mchana kwa kukosa mafuta. Unaziona kadi zikipungua unene mwaka hadi mwaka, na kwenye safu ya spea neno linalorudiwa ni "hakuna". Nilipiga picha 4 simu ikazima chaji. Nikajiambia nitarudi na kibali. Hilo nitalijutia muda mrefu.

Wapo watakaoniambia jengo la gereji si mambo ya kale, na kisheria wana hoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, mapya zaidi ya hapo mpaka Waziri ayatangaze. Maana yake karibu mji wote tulioishi sisi, wa reli, wa mkonge na wa magari, hauna wa kuulinda mpaka mtu fulani Dodoma aukumbuke. Na mtu huyo atauliza ushahidi uko wapi. Ushahidi ni karatasi.

Siku ya moto niliokoa kadi 41. Nyingine zimeungua pembeni lakini zinasomeka. Tatu zina jina la babu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, sikuwahi kuuona kabla. Nimeshapata majina 6 ambayo naamini ni ya watu waliomo kwenye picha. Na jana nimepita mbele ya jengo, mafundi wamepiga plasta ukuta wote wa juu. Matundu ya herufi yamezibwa, mashimo ya gereji yamejazwa kifusi. Nilipouliza nani ameruhusu, nikaambiwa nikaulize ofisini. Ofisi ileile!

Wakuu wa Tanga, na mliozaliwa Tanga mkahama, nawaomba. Kama nyumbani kuna kadi ya zamani ya gari, tazameni muhuri wa muuzaji na tarehe. Kalenda za ukutani walizogawa wauza magari, risiti za spea, vitambulisho vya kazi, kadi za akiba ya uzeeni zenye jina la mwajiri, picha za harusi ambazo gari limeegeshwa mbele ya duka, vyote hivyo navitaka. Sitaki mnipe, nipigieni picha tu, mbele na nyuma. Na kama mzazi au babu alikuwa fundi, karani wa stoo au dereva wa majaribio pale kati ya miaka ya 1950 na 1980, niandikieni faragha nimtumie picha ya wale 12 atazame nyuso. Babu ni wa tatu kutoka kushoto, mwenye ovaroli iliyokunjwa mikono.

Kesho asubuhi narudi ofisini na nakala ya barua. Naombeni mtu wa kunisindikiza, safari hii sitaki kuwa peke yangu wakiniuliza nani kanituma.