Taa moja ya breki haiwaki, mbili zinawaka: je, nina kosa?

Dereva wa Donholm:
Wanajukwaa, hamjambo. Juma lililopita, nikielekea kazini kupitia Barabara ya Jogoo, afisa wa trafiki alinisimamisha, akasimama nyuma ya gari na kuniagiza nikanyage breki, kisha akanijulisha kwamba taa ya kushoto haiwaki. Ya kulia inawaka, na ile ndogo ya katikati kwenye kioo cha nyuma pia inawaka. Kinachonitatiza ni kwamba usiku, nikiwasha taa za gari, hata hiyo ya kushoto hutoa wekundu hafifu. Nilimwambia sikujua, akaniachia kwa onyo. Je, mbili kati ya tatu hazitoshi kisheria?

Msoma Sheria:
Ndugu, sheria haihesabu hivyo. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake vyote, zikiwemo taa na tairi, vitimize masharti na vitunzwe wakati wote katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo garini. Zingatia hayo maneno "wakati wote", kwa maana wengi wetu hutengeneza taa siku ya kupeleka gari kukaguliwa tu. Kusema hukujua kulimlainisha afisa huyo, lakini mahakamani nisingetegemea utetezi huo.

Fundi wa Kirinyaga Road:
Wekundu huo hafifu ndio jibu lako. Katika magari mengi ya kutoka Japani balbu hiyo ina nyuzi mbili: mmoja wa wati 5 kwa taa ya nyuma ya usiku, na mwingine wa wati 21 kwa breki. Wako wa breki umekatika. Unaponunua nyingine, chukua ya aina ileile, na usiisukume kwa nguvu, kwa sababu vijipini vyake vya ubavuni havilingani kimo na huingia upande mmoja tu. Zingekufa zote tatu kwa pamoja, ningeanza na fyuzi au swichi iliyo juu ya pedali. Swichi hiyo ikikwama, taa huwaka muda wote, na hilo nalo ni baya, kwa kuwa aliye nyuma hatajua umeshika breki saa ngapi.

Dereva wa Donholm:
Ahsanteni. Nimeifungua: uzi mmoja umekatika, na ukiitikisa balbu unausikia ukicheza ndani. Nimenunua mbili, kwani ya kulia ina umri uleule. Leo alfajiri, kwa kuwa sikuwa na wa kunitazamia, nilirudisha gari karibu na ukuta wa ploti, nikakanyaga breki, nikaona kwenye kioo madoa mawili mekundu yamelingana ukutani.