Keisi kuukuu, bodi mpya: nikate AT, nikate Dell ya BTX, nichonge mninga au niagize Kariakoo?

Isevya_Studio (Tabora)
Wakuu, mwangaluka. Nina ofisi ndogo ya picha na video za harusi hapa mjini, na faili zimenizidi. Nimeamua kujiundia seva: mazabodi ya Mini-ITX (saizi ndogo ya bodi) yenye N100, hadi diski mbili za inchi 3.5, SSD ya kuwekea mfumo, pamoja na saketi ndogo ya Arduino (kibodi cha kuprogramu) niliyoichomea risasi mwenyewe ya kuongoza feni na kupima betri. Umeme ni wa sola, volti 12, bila inveta katikati.

Kinachonisumbua ni nyumba ya kuviweka. Ninazo keisi mbili. Ya kwanza ni mnara mweupe uliogeuka njano, wa enzi za AT (mpango wa keisi na bodi uliotangulia ATX inayotumika leo), una kitufe cha turbo cha kubadili kasi, kifunguo cha mbele na lile dirisha dogo la namba za kijani. Chuma chake kizito, ukikigonga kinalia kama sufuria. Ya pili ni Dell OptiPlex GX280, safi kabisa, ila nyuma na ndani haifanani na kitu chochote cha leo. Fundi samani wa jirani naye ananishawishi anichongee sanduku la mninga. Na wapo wanaosema niache ushamba, niagize keisi mpya Kariakoo ije na basi.

Vumbi la Tabora mnalijua, hasa kuanzia Agosti mpaka mvua zije. Nishaurini.

mbeba_boksi (Tabora)
N100 gani hiyo, betri au prosesa?

Isevya_Studio (Tabora)
Zote mbili mkuu 😂 Prosesa ya Intel N100 inakula umeme wa betri ya N100.

chuma_chakavu (Tabora)
Kama ni mimi ninaikata ile AT bila kufikiri mara mbili. Tafuta keisi mbovu ya ATX, zimejaa kwa wauza vyuma chakavu. Kata mgongo wake wote pamoja na sahani ya kufungia bodi, kisha kata mgongo wa mnara wako, pandikiza kile kipande, piga riveti. Ukimaliza una keisi ya 1994 kwa nje na ya kisasa kwa ndani. Kesho ukitaka kubadili bodi, kila tundu lipo mahali pake.

Dell achana nayo. GX280 ni BTX, mpango ambao Intel waliuleta kuipokea ATX halafu 2006 wakautelekeza. Bodi yake inakaa upande wa pili wa keisi, kama umeitazama kwenye kioo. Hata ukilazimisha, matundu hayalingani, na mkia wa waya za kitufe cha mbele ni wa Dell peke yake, itabidi uuchambue waya mmoja mmoja kwa mita.

mzee_Pentium (Kigoma)
Kijana, kabla hujashika drili, tazama ile swichi kubwa ya mbele. Keisi za AT hazina kitufe cha ishara kama za leo. Ule waya mnene unaotoka kwenye pawa saplai kwenda mbele unabeba umeme wa ukutani wenyewe, volti 230. Ilipokuja ATX mwaka 1995 ndipo kitufe kikawa kinaipa mazabodi ishara tu. Nimewaona vijana wakichukua waya zile wakitaka kuzichomeka kwenye pini za bodi mpya kwa sababu "ni za pawa". Ng'oa pawa saplai, ng'oa waya wote, tupa.

Na swichi yenyewe usiibakishe kazini. Ukiibonyeza inazama na kubaki chini mpaka uibonyeze tena. Bodi ya sasa ikiona kitufe kimeshikiliwa kama sekunde nne inajizima, kwa hiyo mashine itawaka na kufa, itawaka na kufa, nawe utasema bodi ni mbovu.

Tumia kitufe cha reset. Hicho kinarudi chenyewe, na waya zake ni zile nyembamba za pini mbili. Kifanye ndio cha kuwashia. Turbo kiache kama pambo.

Isevya_Studio (Tabora)
Shikamoo mzee. Hilo la volti 230 sikulijua hata kidogo. Leo hii nimeing'oa.

mzee_Pentium (Kigoma)
Marahaba. Taa ya mbele nayo utaikuta na plagi ya pini tatu, ya katikati haina waya. Bodi yako inataka pini mbili zilizokaribiana. Chomoa kipini kimoja kwa ncha ya sindano ukihamishie katikati, huhitaji kukata waya.

DadaWaUjiji (Kigoma)
Kaka Isevya, naomba nimpinge kidogo chuma_chakavu. Kupandikiza mgongo mzima ni kazi nzuri kwa mtu mwenye bodi kubwa ya ATX, ya milimita 305 kwa 244, na kadi tatu nne za kuchomeka. Wewe una Mini-ITX, 170 kwa 170, inayoshikwa na skrubu nne. Unabomoa ukuta mzima ili kupitisha kiti kimoja!

Fanya hivi. Chukua boksi la viatu, lalia bodi juu yake, toboa matundu manne kwa penseli, chora na ukingo wa upande wa soketi. Hiyo ndiyo ramani yako. Ipeleke ndani ya keisi, isogeze mpaka soketi ziangukie sehemu tupu ya mgongo, ndipo utie alama kwenye chuma. Toboa, funga vinguzo vya shaba, umemaliza sakafu. Vinguzo hivyo usivisahau hata kwa dharura, maana bodi ikigusa bati kwa chini ndiyo mwisho wake.

Nyuma unahitaji tundu moja tu. Kipimo cha kawaida ni kama milimita 159 kwa 44.5, lakini kile kibati cha soketi kinachokuja na bodi hung'ang'ania chuma kikikatwa sawasawa tu. Ukizidisha milimita mbili kinacheza, ukipunguza hakiingii. Mimi huwa sihangaiki nacho. Nakata tundu kubwa la hovyo kidogo, halafu nafunika kwa sahani ya aluminiamu niliyoikata taratibu mezani, riveti nne pembeni. Ukikosea, unatupa sahani, sio keisi.

Sasa suala la grinda. Mafundi geti wetu wanapenda grinda kwa kila kitu. Bati la keisi ni jembamba, likipata moto linajikunja na rangi inaungua hadi upande wa pili. Toboa matundu mdogo mdogo kufuata mstari, unganisha kwa msumeno wa chuma, malizia kwa tupa. Inachosha mkono, lakini ukingo unatoka mzuri. Na keisi iwe tupu kabisa wakati huo, hata feni isiwemo. Chembe moja ya chuma ikibaki kwenye kona siku itaanguka kwenye bodi. Ukimaliza ioshe kwa maji ya sabuni kama sufuria, ianike, pitisha sumaku kila pembe.

Ukingo uliokatwa upake rangi siku hiyohiyo. Huku kwetu ziwani chuma kilichokwanguliwa hakimalizi msimu wa mvua kabla ya kutu. Tabora ni kukavu zaidi, lakini bado.

chuma_chakavu (Tabora)
Dada umenishinda kwa hoja, ila riveti bado ni zangu 😅 Kwa Mini-ITX kweli sahani inatosha. Kwa atakayekuja na bodi kubwa, ushauri wangu uko palepale.

randa_na_msasa (Tabora)
Mbona sanduku la mninga mmelipita kama kituo cha daladala? Mninga haubunguliwi hovyo, haupindi ukikaushwa vizuri, na mteja akiingia ofisini anauliza hicho ni nini. Mabaki kwa mafundi samani yanapatikana. Keisi ya njano nani ataiuliza?

DadaWaUjiji (Kigoma)
Uzuri hatubishani kaka. Ila mbao haipitishi joto, na diski mbili za inchi 3.5 zikikaa ndani ya sanduku la mbao mwezi wa kumi wa Tabora zitaiva. Tena chuma kinazuia mawimbi. Kompyuta ikiwa ndani ya mbao, redio ya jirani inaweza kukoroma kila ukihamisha faili. Kuna watu wanaoweka bati jembamba kwa ndani ya mbao na kuliunganisha na ethi, lakini hapo umejenga keisi mbili ndani ya moja.

randa_na_msasa (Tabora)
Basi angalau uso wa mbele. Ile plastiki ya njano ibanduliwe, nichonge mninga mwembamba wa kufunika.

Isevya_Studio (Tabora)
Hilo tutaongea pembeni fundi, limenigusa. Lakini feni je? Mbele ya mnara huu kuna vitundu vya kupitishia hewa ambavyo hata nzi anapita kwa shida, na nyuma kuna nafasi ya feni ya milimita 80 tu. Nikate duara la 120 mbele? Na kwa nini hakuna anayetetea keisi ya Kariakoo?

mbeba_boksi (Tabora)
Naitetea mimi. Hakuna kukata, hakuna kutu, skrubu zinaingia, matundu ya hewa yapo. Ukijumlisha riveti, rangi, misumeno itakayovunjika na siku za kazi utakazopoteza, keisi mpya sio ghali kama mnavyodhani. Ubaya wake ni kwamba nyingi za bei ya chini zina bati kama la kopo la maziwa, upande mmoja kioo, na feni za mataataa mbele zisizo na chujio. Kwa Dar labda. Kwa vumbi letu ni mfagio unaovuta uchafu ndani. Na kioo kikisafiri na basi usiku kucha, ukikipokea kizima utoe sadaka.

DadaWaUjiji (Kigoma)
Mbele usikate kitu. Mnara wako una nafasi ngapi za CD za inchi 5.25? Kama ni tatu zilizopangana, toa vifuniko vyake. Upana ni milimita 146 na kimo cha tatu kwa pamoja ni kama 125. Feni ya 120 inakaa pale bila msumeno kugusa chuma. Ifunge kwenye sahani au mbao yenye matundu manne yaliyoachana milimita 105, ambayo ndiyo nafasi ya skrubu za feni hiyo. Diski zako ziweke nyuma yake zipate upepo wa kwanza.

Mbele ya feni weka chujio. Soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye fremu inashika vumbi kuliko chandarua, ila isafishwe mara kwa mara kwa sababu inaziba. Kanuni yenyewe ni hewa inayoingia iwe nyingi kuliko inayotolewa. Keisi ikiwa na hewa ya kuzidi, kila ufa unatoa hewa badala ya kunyonya vumbi. Kwa hiyo feni ya 120 ivute ndani, ile ya 80 nyuma itoe taratibu au uiache kabisa. N100 ni prosesa ya wati 6, haihitaji kimbunga.

mzee_Pentium (Kigoma)
Sasa tuje kwenye volti, kwa sababu naona wote mnachonga nyumba na hakuna aliyeuliza kinachoingia ndani. Isevya, kile kibadilishi cha umeme cha kuchomeka kwenye bodi ni cha aina gani?

Isevya_Studio (Tabora)
Kile kidogo cha volti 12, kinachomekwa kwenye soketi ya pini 24.

mzee_Pentium (Kigoma)
Nilihofia hivyo. Vingi vya bei ya chini vinapitisha volti 12 kwa diski kama ilivyoingia. Betri ya risasi ikiwa inachajiwa na sola inafika volti 14.4. Kiwango cha ATX kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani 11.4 mpaka 12.6. Bodi inaweza kuvumilia, SSD inatumia volti 5 haitajua, lakini diski zako za inchi 3.5 zinazungushwa na hiyo 12. Saa sita mchana jua likiwa kali ndipo utaziua, na picha za harusi za watu zikiwa ndani. Tafuta kibadilishi kinachopokea kuanzia volti 9 hivi hadi 24 au zaidi na kutoa 12 iliyotulia.

Kiwe na nguvu ya kutosha pia. Diski moja ya aina hiyo inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta ampea 2 kwenye volti 12, mbili ni kama wati 48 kwa sekunde chache, juu ya mahitaji ya bodi. Zikishazunguka mzigo wote unashuka, tuseme wati 25. Betri ya Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ukiitumia nusu ili isife mapema, unapata takribani saa 24. Huku Kigoma tulipokuwa tukitegemea majenereta ya dizeli hesabu hizi tulizikariri.

Fyuzi iwe karibu na betri, sio ndani ya keisi. Waya ukichubuka njiani, fyuzi ya ndani haikusaidii kitu.

Isevya_Studio (Tabora)
Nimekaa na hesabu hizi na nimeamua: mnara wa AT. Tundu moja nyuma na sahani ya aluminiamu juu yake, feni ya 120 kwenye nafasi za CD. Pale pawa saplai ya zamani ilipokuwa nitafunika kwa bati lenye plagi ya betri. Kifunguo cha mbele nitakiunga kwenye mstari mmoja na kitufe cha reset, ili watoto wa jirani wakibonyeza bila ufunguo kisifanye kitu. Dirisha la namba za kijani limenifurahisha zaidi. Zamani namba zile zilipangwa kwa vijampa tu, hazikupima chochote. Nitaziunga kwenye Arduino zionyeshe volti za betri, kila kipande na rezista yake.

Kibadilishi kipya nakiagiza, kile cha zamani sikiwashi kabisa.

randa_na_msasa (Tabora)
Na uso wa mninga?

Isevya_Studio (Tabora)
Njoo Jumamosi na futi. Acha nafasi ya dirisha la namba na ya kifunguo.

mbeba_boksi (Tabora)
Ile Dell unaitoa kwa bei gani? Nataka pawa saplai yake tu.

Isevya_Studio (Tabora)
Pawa saplai chukua. Bati lake la ubavuni ninalo hapa mezani, ndilo ninalojifunzia kupiga riveti.