Kwa nini radi za Florida huja alasiri?

Swali: Ndugu wanajamvi, nimehamia Tampa mwezi Juni. Asubuhi huwa kweupe, joto hupanda hadi nyuzi 33 za Selsiasi, kisha alasiri radi hupiga karibu kila siku. Sababu ni nini?

Jibu: Florida ni rasi yenye bahari pande zote mbili. Jua linapoipasha moto nchi kavu kuliko maji, upepo wa baharini huingia kutoka Ghuba ya Meksiko na kutoka Atlantiki, na pepo hizo zinapokutana, hewa yenye unyevu mwingi husukumwa juu na kuunda mawingu marefu ya radi.

Jibu: Naongeza kwamba radi yaweza kupiga mbali na mvua, hata mahali penye jua. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya nyumba au gari lenye paa la chuma, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kujibanza chini ya mti, tulivyozoea wengi wetu, ni hatari.

Muulizaji: Nashukuru. Matembezi yangu ya ufukweni nitayahamishia asubuhi.