Mjadala: Riwaya za watu kutekwa na viumbe wa anga, ziondolewe maktaba za shule au zibaki?

Mzazi, Area C:

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Majuzi nilikuwa kwenye kikao cha wazazi wa sekondari moja hapa Dodoma mjini. Tukasomewa kwamba boksi zima la riwaya za mitumba limeondolewa maktaba. Ni zile za watu wanaonyakuliwa usiku na viumbe wa sayari nyingine, halafu serikali inaficha habari. Sababu tuliyopewa ni kwamba zinawazoesha watoto kuamini uzushi. Wazazi wengi wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Mwanangu yuko kidato cha pili na alikuwa amefika katikati ya kimojawapo. Jalada limeshikiliwa na solotepu. Nilimkaripia kwa kuchorachora kitabu cha maktaba, kisha nikasoma alichoandika pembeni kwa penseli: "Shahidi mwingine kapotea tena!" Kurasa chache mbele: "Kila karatasi ya ushahidi lazima iungue?" Na penye mtu anayepinga habari nzima: "Sasa naye ataambiwa katumwa." Akawa kweli ameambiwa hivyo ukurasa uliofuata. Mtoto wa miaka kumi na tano ameshaona uongo unavyojengwa. Ni somo gani jingine shuleni lingemwonyesha hilo?

Na visa vyenyewe vina asili yake, mtu akitaka kufuatilia. Julai 1947, karibu na Roswell kule New Mexico, jeshi la Marekani lilitangaza limeokota kisahani kinachoruka, muda mfupi baadaye likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 Jeshi la Anga likaeleza kwamba mabaki yale yaelekea yalikuwa ya Mogul, mradi wa siri wa maputo ya kunasa majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Kwa hiyo siri ilikuwepo, ila iliyofichwa ilikuwa puto. Septemba 1961 Betty na Barney Hill, mke na mume, walikuwa wakirudi nyumbani usiku kwa gari huko New Hampshire. Baadaye wakasimulia kwamba walichukuliwa na kupimwa miili ndani ya chombo. Daktari aliyewasikiliza wakiwa katika hipnosisi, yaani hali kama ya usingizi anayoingizwa mtu ili akumbuke mambo, Benjamin Simon, alihitimisha kwamba chanzo ni ndoto za Betty. Sisi tuna neno letu la kale kwa mtu anayeamka hawezi kujigeuza na anahisi kuna kitu kimemkalia kifuani: jinamizi. Baadhi ya watafiti wanaona visa vingi vya kutekwa vinaanzia hapohapo.

Sasa nakuja kwetu. Oktoba 2016, Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, si mbali na hapa ninapoandikia. Watu watatu kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walikuwa kwenye kazi ya udongo. Pakapigwa yowe kwamba ni wanyonya damu. Wakauawa wote watatu, gari likachomwa moto. Uvumi ule haukutoka kwenye riwaya ya viumbe wa anga. Ni mumiani yuleyule waliyemwogopa babu zetu enzi za mkoloni. Waliokimbilia lile gari hakuna aliyesimama kuuliza shahidi yuko wapi. Naogopa mtoto asiyejua kuuliza swali hilo kuliko ninavyoogopa kitabu.

Mwalimu, Kondoa:

Ndugu mzazi, nakuheshimu, lakini mwanao ana bahati ya kuwa na wewe. Mimi nafundisha watoto ambao nyumbani hakuna wa kuwasomea hata barua.

Niliwapeleka wangu Kolo kuona michoro ya mwambani. Kuna mchoro pale wa rangi nyekundu, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliunakili mwaka 1951. Mtu yuko katikati, anaonekana kama mwanamke, wengine wamemshika mikono huku na huku, na vichwa si vya kawaida. Watafiti huuita mchoro wa utekaji. Wapo wanaosema ni ngoma ya kupagawa, kama simbo ya Wasandawe, na huyo wa katikati ameshikwa asianguke. Kijana wangu mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, hao si wale viumbe wa angani?" Wazo hilo alilitoa kwenye kitabu kilichoandikwa juu kabisa kwamba ni kisa cha kweli.

Mzazi, pale Mongomi, mojawapo ya sehemu za michoro hiyo ya Kolo, wazee bado wanakwenda kufanya matambiko ya mvua. Eneo lile ni urithi wa dunia tangu 2006. Na mtoto aliyezaliwa chini ya kilima hicho anaona kazi ya mikono ya mababu wa huku, anawapa sifa wageni wa angani! Hilo liliniuma hadi usiku. Mimi nasema ziondolewe.

Mzazi, Area C:

Mwalimu wangu, hapo umenishika pabaya. Kitabu cha kubuni kinachojiita kisa cha kweli nami sikitaki karibu na mwanangu. Hicho nakuachia ukitoe.

Lakini zile nyingine zinazokiri wazi kwamba ni riwaya, naomba zirudi rafuni. Kijana wako aliuliza kwa sauti, mbele yako, mwamba wenyewe ukiwa hapo. Tukimficha kitabu, habari hiyohiyo ataipata kwenye simu ya kaka yake saa tano usiku, na hapo hatakuwepo mwalimu wala mchoro. Kitabu cha mwanangu bado kiko mezani, hatujakirudisha, na kikao kijacho nakwenda nacho na ile penseli yake pembeni.

Mwalimu, hujatuambia: yule kijana ulimjibu nini pale mwambani?